Sergei Parajanov: Fani Iliyowaudhi Watawala

Wahakiki wengi huchukulia kwamba dola huogopa maudhui, nayo fani ni pambo tu. Maisha ya Sergei Parajanov (1924-1990), mwelekezi wa filamu Mwarmenia aliyezaliwa Tbilisi, yanalikanusha wazo hilo. Filamu yake Sayat Nova (1969) haina kauli yoyote inayoishambulia serikali ya Kisovieti. Mtazamaji huona makomamanga yakivuja maji mekundu juu ya kitambaa cheupe, vitabu vilivyoanikwa kwenye paa la monasteri kurasa zikipeperushwa na upepo, na Sofiko Chiaureli akiigiza wahusika kadhaa, wa kike na wa kiume. Kamera husogea kwa nadra. Maisha ya mshairi wa karne ya 18 hupita kama michoro ya ukutani.

Kwa watawala walioamuru uhalisia wa kijamaa, taswira isiyojieleza ilikuwa uasi. Filamu ilipewa jina jipya, Rangi ya Makomamanga, ikahaririwa upya na Sergei Yutkevich. Desemba 1973 Parajanov alikamatwa kwa mashtaka yaliyogusa mwenendo wake wa faragha, akafungwa hadi 1977, alipoachiliwa baada ya wasanii wa ng'ambo, miongoni mwao Louis Aragon, kumtetea. Gerezani, bila kamera, alichora, akabandika vipande vya takataka kuwa picha, akachonga nyuso kwenye vifuniko vya chupa za maziwa.

Alirejea na Hekaya ya Ngome ya Suram (1985), akishirikiana na Dodo Abashidze. Humo kijana huzikwa hai ukutani ili ngome isimame. Hekaya ni ya kale, ya Kigeorgia. Mpangilio wa picha ni ule ule uliowaudhi wakuu. Ushujaa wa Parajanov umo humo: alitoka kifungoni na fani yake haijabadilika.