Imefungwa na Nani?

Kuna sentensi moja ambayo karibu kila mtu anayecheza gemu za mtandaoni ameisoma, au rafiki yake ameisoma: akaunti yako imefungwa kwa kukiuka kanuni. Isome tena polepole, kama unavyosoma shairi darasani. Kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa, na shuleni tulifundishwa kwamba kauli hiyo ina nafasi ya mtenda: mlango umefungwa na Juma. Hapa Juma hayuko. Kanuni ipi? Haijatajwa. Nilisema nini, lini, kwa nani? Kimya. Ni sentensi fupi, safi kisarufi, na kwangu mimi ni mojawapo ya maandishi ya kidhalimu zaidi tunayopokea kwenye simu zetu.

Najua kuna mtu atasema, buda, hiyo ni gemu tu. Si gemu tu. Kuna miaka ya kucheza, kuna vitu vilivyonunuliwa kwa M-Pesa, kuna mbogi ya wasee mnaojuana kwa sauti na hamjawahi kukutana. Akaunti ikienda, vyote vinaenda. Na sisemi wasimamizi wasiingilie ugomvi wa wachezaji. Waingilie, tena mapema. Yeyote aliyemsikia msichana akitukanwa mara tu anapofungua maiki anajua kwa nini. Ninachouliza ni kitu gani kinaufanya uingiliaji huo uwe wa haki. Wengi wetu tunadhani haki ni kumpata mwenye makosa. Mimi nadhani hiyo ni nusu tu. Nusu ya pili ni msimamizi kueleza sababu zake na kukubali kuulizwa.

Chukua LambdaMOO, dunia ya mtandaoni ya maandishi matupu iliyoanzishwa na Pavel Curtis mwaka 1990 katika maabara ya Xerox PARC, California. Wasimamizi wake waliitwa wachawi. Mwisho wa 1992 wachawi walitangaza kwamba wamechoka kuamua ugomvi wa watu. Watabaki kuwa mafundi wa mitambo tu. Mwaka 1993 mchezaji aliyejiita Mr. Bungle akatumia programu kuwafanya wahusika wa wenzake waonekane wakifanya vitendo vya ngono wasivyovitaka, mbele ya kila aliyekuwa ukumbini. Julian Dibbell alikisimulia kisa hicho katika The Village Voice mwaka huo huo, na insha yake inasomwa hadi leo. Wachezaji walikutana, wakabishana kwa muda mrefu, wakaachana bila uamuzi. Kisha mchawi mmoja, JoeFeedback, akaamua peke yake na kumfuta Bungle.

Ukimsoma Dibbell ni rahisi kupiga makofi hapo, na hata mimi sioni namna Bungle angeachwa abaki. Lakini tenganisha mambo mawili: uamuzi ulikuwa sawa, njia haikuwa. Kama mtu mmoja anaweza kukufuta usiku mmoja kwa sababu moyo wake umemwambia hivyo, usalama wako unategemea moyo wake. Curtis mwenyewe aliliona pengo hilo, akaweka utaratibu wa maombi na kura za wachezaji. Haukumaliza ugomvi. Mwaka 1996 wachawi walirudi na tangazo jingine: wataingilia tena, kwa kuwa kazi ya ufundi haiwezi kutenganishwa na maamuzi kuhusu watu. Unaweza kuwapinga, lakini angalau waliandika sababu zao, wakaziweka mahali ambapo kila mchezaji angezisoma.

Sasa ona mambo yanavyokuwa msimamizi akiwa pia mchezaji. Katika EVE Online, gemu ya anga ya kampuni ya CCP kutoka Iceland, mwaka 2007 ilibainika kwamba mfanyakazi mmoja wa kampuni alijipatia ramani za kutengenezea vifaa adimu kinyume na kanuni, na zikaufaidi muungano wake, Band of Brothers. Mchezaji aliyeifichua siri hiyo alifungiwa. Wahenga walishaona: kesi ya ngedere hakimu nyani. Wachezaji walichachamaa, na CCP ikalazimika kuunda kitengo cha kuwachunguza wafanyakazi wake. Mwaka 2008 ikaanzisha Council of Stellar Management, baraza la wachezaji waliochaguliwa kwa kura. Baraza hilo haliamui kesi, na wengi wamelicheka. Lakini limefanya jambo ambalo ile sentensi yetu inalikwepa: limeweka sura za watu mahali pa kuuliza maswali.

Riot Games walijaribu njia nyingine. Kuanzia 2011, League of Legends ilikuwa na Tribunal, ambapo wachezaji wenyewe walisoma maongezi ya aliyeripotiwa na kupiga kura: aadhibiwe au asamehewe. Iliachwa mwaka 2014. Kasoro zake ziko wazi: ilikuwa polepole, na mtu anayehukumu kesi nyingi mfululizo huanza kubofya tu. Ila lilikuwepo jambo zuri pale. Aliyeadhibiwa aliweza kuonyeshwa maneno yake mwenyewe. Hata ukikasirika, unakasirikia kitu unachokiona, na unaweza kubisha ukisema mstari fulani umesomwa vibaya.

Kubisha huko kunatuhusu sana sisi. Mtu akisema "nitakumaliza" ndani ya gemu ya bunduki, huo ni utani. Akisema kwa Sheng jambo la kumvua mwenzake utu, kichujio kilichofunzwa Kiingereza kinapita kama hakijasikia. Nimeona yote mawili. Kama hakuna mahali pa kueleza muktadha, lugha yetu yenyewe inageuka kuwa hatari: inawaficha wakorofi na kuwachoma wasio na hatia.

Kampuni zina jibu, na si la kijinga. Wachezaji ni mamilioni, na mdanganyifu akiambiwa alivyokamatwa atajifunza kujificha. Nakubali, kwa upande wa udanganyifu wa programu. Usimfundishe mwizi kufuli. Lakini matusi si kufuli. Kumwonyesha mtu maneno aliyoyaandika hakufichui siri yoyote ya ulinzi. Na kama kampuni ina uwezo wa kuwauzia mamilioni, isituambie haina uwezo wa kuwajibu.

Linganisha na kibanda cha PlayStation mtaani. Mwenye kibanda ni dikteta: yeye ndiye anayejua dakika zako zimeisha, yeye ndiye anayeamua kama umegusa waya makusudi uliposhindwa. Lakini akikutoa anakwambia kwa nini, na waliokaa kwenye benchi wamesikia. Wakiona amekuonea watasema, na kesho watapeleka pesa yao kwa jirani. Simpambi, wapo wenye vibanda wanaopendelea marafiki. Tofauti ni kwamba upendeleo wao unaonekana.

Kwa hivyo ninachodai ni kidogo. Taja kanuni. Onyesha maneno au kitendo chenyewe. Rufaa isomwe na mtu asiyekuwa yule aliyehukumu mwanzo, na anayeijua lugha ya ugomvi. Hayo hayahitaji mashine mpya. Yanahitaji ile sentensi iandikwe upya, na mbele ya kitenzi chake liongezwe neno dogo ambalo Kiswahili kimelitengea nafasi tangu zamani: imefungwa na.