Chupa ya Kuingia: Mviga Usiomo Vitabuni

Vitabu vya fasihi simulizi tunavyosomea huorodhesha miviga ile ile: jando na unyago, harusi, mazishi, matambiko, kutawazwa kwa mtawala. Karakana haimo. Lakini mviga ninaoujua kuliko yote niliupitia katika karakana ya useremala mjini Lilongwe, nikiwa na miaka 18, nimesimama juu ya maranda ya mbao na kikombe cha plastiki mkononi. Nitauhakiki hapa kama tunavyohakiki mviga mwingine wowote, ingawa siwezi kujifanya mtazamaji tu.

Tuliuita chupa ya kuingia. Mwanagenzi mpya alipotimiza wiki mbili alitakiwa kuleta fedha za kinywaji, Jumamosi baada ya kazi. Sehemu kubwa ilinunua Chibuku, iliyobaki ikanunua kachasu, ambayo Mtanzania angeiita gongo na Mkenya chang'aa. Fedha zangu mama alizitoa katika mgao wetu wa mwezi. Wanagenzi wa zamani waliketi juu ya mbao, fundi kwenye kiti pekee kilichokuwapo, mgeni akasimama. Kabla ya kikombe kulikuwa na mchezo. Nilitumwa karakana ya jirani nikaazime sumaku ya kuokotea maranda. Jirani, ambaye alijua mambo yote, akanielekeza kwa mwingine, na huyo kwa mwingine. Niliporudi mikono mitupu, nikijieleza kwa Chichewa changu cha kambini, walicheka mpaka fundi akafuta machozi. Kisha nikanywa, nikakohoa, nikapewa jina: Msasa.

Kwa upande wa sanaa sina la kulaumu. Kuna fanani na hadhira, kuna vichekesho vilivyopangwa, kuna hata maleba, maana mgeni huvishwa aproni ya fundi nyuma mbele. Watu wa kanisani kwetu Dzaleka huulaani mviga huu kwa neno moja, ulevi, wakaishia hapo. Uhakiki huo ni mwepesi. Hauelezi kwa nini Jumatatu iliyofuata nilikula nsima sahani moja na watu ambao kwa wiki mbili hawakuwa wameniuliza hata nimetoka wapi.

Kwa kijana wa kambini hilo si dogo. Dzaleka, iliyokuwa gereza zama za Kamuzu Banda, ilifanywa kambi mwaka 1994, nayo iko Dowa, kilomita 40 na ushei kutoka Lilongwe. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka mipaka kwa baadhi ya vifungu, vikiwemo vya ajira na vya uhuru wa kwenda utakako. Kwa hiyo wengi wetu tuliofanya kazi mjini hatukuwa na karatasi yoyote. Mahali pasipo karatasi, chupa ndiyo hati. Unakunywa mbele ya mashahidi, na tangu hapo umeingia.

Umeingia wapi, mpaka lini, na utafundishwa nini? Mviga hausemi. Una maneno mengi kwa mgeni na hauna hata neno moja kwa fundi. Kosa lake kubwa naliona hapo, wala si katika kileo. Jina la Msasa lilinichekesha siku ile, lakini kwa miezi tisa kazi yangu ilikuwa kupiga msasa. Randa niliishika mara chache, patasi sikuruhusiwa kamwe.

Linganisha na kilemba. Katika Kiswahili cha pwani neno hilo, zaidi ya nguo ya kichwani, lina maana ya zawadi anayopewa fundi au mwalimu mafunzo yakimalizika. Kilemba hutolewa mwishoni, na mtu ambaye tayari ana ujuzi mikononi. Chupa yetu hudaiwa mlangoni, na mtu ambaye bado hana kitu.

Desturi hii si ya Lilongwe peke yake. Benjamin Franklin anasimulia katika tawasifu yake kwamba alipofanya kazi katika kiwanda cha uchapaji London, miaka ya 1720, alilipa fedha za kinywaji kwa wenzake wa chini. Alipohamishiwa chumba cha wapanga herufi akadaiwa upya, shilingi 5. Akakataa, na mwenye kiwanda akamuunga mkono. Kwa wiki mbili tatu herufi zake zikachanganywa, kurasa zake zikapanguliwa, na kila alipouliza akaambiwa ni mzimu wa kiwandani. Mwishowe akalipa. (Ni huyo huyo aliyekuwa akinywa maji wakati wenzake wanashindia bia, wakamcheka kwa hilo pia.) Tofauti ni kwamba Franklin alikuwa na mshahara, na ufundi alikwisha kuujua kabla hajavuka bahari. Akiondoka, anaondoka nao.

Ushahidi wa mwisho ni juu yangu mwenyewe. Miezi sita baada yangu alikuja kijana Mwislamu. Alisema wazi kwamba hanywi, na wakubwa wakakubali: hakunywa. Kulipa, alilipa. Mimi ndiye niliyezihesabu fedha zake, na kikombe chake nikakinywa mimi. Sikuona aibu. Nilijiona nimepanda cheo.

Mwaka 2023 serikali iliagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka. Kabla ya kuondoka nilimwomba fundi barua fupi tu, ya kusema nimekuwa mwanagenzi wake kwa miezi tisa. Alinijibu kwa upole kwamba hakuna mahali nilipoandikwa. Waliokuwa wameketi juu ya mbao Jumamosi ile walikuwapo wote, wakaendelea na kazi zao.

Mwezi uliopita mdogo wangu alipata nafasi kwa seremala mmoja hapa kambini. Jioni alikuja kwangu.

“Yaya, nisaidie pesa ya kuingilia. Nikienda mikono mitupu, watanionaje?”

Nilimuuliza ataanza kufundishwa nini, na randa ataishika lini. Hakuwa ameuliza. Nikamrudisha akaulize. Alirudi akisema fundi alicheka kwanza, kisha akafikiri, kisha akajibu kwamba mwezi wa tatu atamwachia atengeneze kigoda peke yake, kuanzia kupasua mbao hadi gundi.

Nilimpa nusu ya fedha alizoomba. Nusu ya pili ninayo mfukoni, nangoja kigoda.