Mti, Msitu, Tufani: Ufundi Usioonekana kwa Anayechungulia Mlangoni

Zoezi la Mti wa Maisha, la kuwasaidia watoto waliofikwa na msiba, ni jepesi mno kuigwa. Linataka karatasi za manila, kalamu za rangi na ukumbi, na kata kama Mkolani, jijini Mwanza, haikosi ukumbi wa shule au wa kanisa. Ndiyo sababu linaharibika upesi. Anayechungulia mlangoni ataona watoto wanachora. Asichokiona ni mpangilio wa maswali, na humo ndimo ilimo tiba. Nitaufungua mpangilio huo hapa, kwa kuwa naamini kinachoitwa ubunifu katika tiba ya kisaikolojia tunakitafuta kwenye rangi ilhali kiko kwenye maswali.

Chimbuko la zoezi hili lina ukoo na upande wetu wa Ziwa Viktoria. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na miaka ya 1990 ilikuta nyumba nyingi za mkoa ule zimebaki na bibi na wajukuu. Nshamba, wilayani Muleba, mradi wa Humuliza uliosaidiwa na terre des hommes ya Uswisi, chini ya Kurt Madörin, ukaanza kuuliza swali ambalo misaada ya sare na unga ilikuwa hailigusi: mtoto huyu aliyefiwa anaendeleaje moyoni? Walimu wa shule za msingi wakaandaliwa mazoezi ya kukaa na watoto hao, nao yatima wakaunda chama chao wenyewe, Vijana Simama Imara. Uganda nako, akina mama wa NACWOLA, chama cha wanawake wanaoishi na virusi kilichoanzishwa mwaka 1992, walikuwa wakiwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu: ulizaliwa wapi, nani alikupa jina, ulipenda chakula gani, ukoo wetu ni upi. Hakuna aliyesubiri daktari wa akili afike. Uzoefu wa Nshamba ni miongoni mwa yaliyozaa REPSSI mwaka 2002, taasisi ya kanda inayoshughulikia ustawi wa kisaikolojia wa watoto.

Mwanasaikolojia wa Zimbabwe, Ncazelo Ncube, alikuwa akifanya kazi na REPSSI alipokutana na tatizo lililomfanya aunde zoezi hili. Katika kambi ya Masiye, karibu na Bulawayo, yatima waliletwa kupumzika na kujifunza stadi za maisha. Washauri wao walikuwa wamefundishwa kumwezesha mtoto aeleze msiba wake, lakini hawakufundishwa la kufanya machozi yakishaanza. Mtoto alifunguliwa jeraha, kisha kengele ya chakula ikalia. Picha ya mti haikuwa ngeni. Ilishatumika katika mafunzo ya maendeleo ya jamii. Ncube, akishirikiana na David Denborough wa Dulwich Centre ya Australia, aliipanga upya, akachapisha maelezo yake mwaka 2006.

Tuangalie alivyopanga. Mizizi huja kwanza: umetoka wapi, nani alikulea, wimbo gani wa nyumbani unaukumbuka. Inafuata ardhi, yaani maisha ya sasa: unaishi na nani, siku yako inapitaje. Shina ni yale unayoyaweza na yale ambayo watu hupenda kwako. Matawi ni matumaini. Majani ni watu muhimu kwako, walio hai na waliofariki. Matunda ni mema uliyotendewa na uliyowatendea wengine. Miti yote hubandikwa ukutani pamoja, ikawa msitu, na wenzake humwandikia kila mtoto neno la kumtia moyo. Hapo tu, baada ya msitu kusimama, ndipo tufani, yaani misiba na mapigo ya maisha, hutajwa.

Kwa nini tufani ichelewe hivyo? Mtoto anayeulizwa kwanza kuhusu kifo cha mama yake hujibu akiwa na utambulisho mmoja tu mkononi, yatima. Anayeulizwa baada ya saa mbili za kutaja aliyemfundisha kupika, rafiki anayemtegemea na ndoto ya kuwa fundi, hujibu akiwa amesimama juu ya mambo hayo yote. Msiba ni uleule, ila mwenye kuusimulia ameongezeka. Hata tufani yenyewe haianzii kwa mtoto. Mwezeshaji huuliza miti hupatwa na hatari gani, na wanyama wa msituni hufanya nini hatari ikija. Kisha huuliza kama watoto nao hupatwa na tufani, kama ni kosa lao, wanafanya nini zikija, na kama kuna nyakati ambazo hazipo. Kila mmoja anazungumzia tufani za watoto kwa jumla, na hakuna anayelazimishwa kuanika ya kwake mbele ya kundi.

Majani yanastahili kutazamwa kwa makini zaidi, maana hapo ndipo washauri wengi hukosea. Mtoto akiandika jina la marehemu, swali linalotujia haraka ni "alifariki lini, kwa ugonjwa gani?" Ncube anaelekeza kwingine: mlikuwa na nyakati nzuri naye? Alikuwa na kitu gani cha pekee? Angefurahi kujua unakumbuka haya? Nyuma ya maswali haya ipo kazi ya mtaalamu wa tiba Michael White wa Australia, aliyeandika mwaka 1988 kwamba mfiwa hahitaji daima kumuaga marehemu. Wakati mwingine anahitaji kumpa tena nafasi maishani mwake. Kwetu, ambako mjukuu hupewa jina la babu aliyetangulia, wazo hilo halihitaji kutetewa.

Sasa ulete mpangilio huu Mkolani, kwenye ukumbi wenye watoto wa Kisukuma, Kijita, Kikerewe, Kihaya na Kikurya waliokutana kwa sababu wazazi wao walifuata kazi mjini. Swali la mizizi, "kwenu ni wapi?", linasikika la kawaida kabisa. Kwa mtoto aliyelelewa kituoni, au asiyejua upande wa baba yake, swali hilo linaweza kumnyamazisha tangu dakika ya kwanza. Mwezeshaji mzuri atalipanua: nani alikuita kwanza kwa jina unalolipenda? Nani alikufundisha wimbo unaoujua wote? Mzizi unaweza kuwa jirani au mpishi wa kituo.

Kwenye shina, mtoto wa huku atasema anajua kuparua samaki, kupiga kasia, kubeba mdogo wake mgongoni huku akichochea moto. Msikilizaji mvivu atamsifu na kupita. Mwenye ufundi ataongeza swali moja, nani alikufundisha, na uwezo ule utaunganishwa na mtu. Mara nyingi mtu huyo hurudi tena kwenye majani.

Tufani ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi kwa Mwanza. Kule Bulawayo neno hilo lilikuwa picha tu. Kwetu humkumbusha mtu ziwa, na ziwa lina makaburi. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 karibu kabisa na kufika Mwanza, na MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 karibu na Ukara, ikaondoka na watu 228. Mbali na hizo, kuna mitumbwi ya wavuvi isiyorudi ambayo haitangazwi popote. Mtoto aliyempoteza baba ziwani, akiambiwa afikirie dhoruba, amerudishwa palepale alipopaswa kufikishwa polepole. Ningemshauri mwezeshaji wa hapa abaki na hatari za nchi kavu: ukame, mchwa, moto wa nyasi, shoka. Mti huzijua zote. Hili ni badiliko la neno moja, halihitaji bajeti, na atakayelifikiria ni yule tu aliyeelewa kwa nini tufani imewekwa mwishoni.

Zoezi hufungwa kwa vyeti na wimbo. Usukumani tuna utajiri wa kufungia kwa ngoma, ila jambo moja liachwe nje ya ukumbi. Vyama vya Bagika na Bagalu vimekuza ngoma zao kwa kushindana kuvuta watazamaji, na roho ya ushindani huingia haraka pale mwezeshaji anapotangaza zawadi ya mti uliochorwa vizuri. Hapo zoezi limekuwa somo la sanaa, na mtoto asiyejua kuchora ameshindwa kwa mara nyingine.

Je, ina maana jeraha lisiguswe kamwe? Hapana, na hapa niwe mkweli. Ipo tiba inayofanya karibu kinyume: NET, tiba ya kusimulia iliyokuzwa na wataalamu wa Konstanz, Ujerumani. Mtu hulaza kamba sakafuni, huweka ua kwa kila jambo jema na jiwe kwa kila pigo, na sehemu ya kamba hubaki imekunjwa kwa ajili ya siku zijazo. Siku ya kwanza mawe hutajwa tu. Katika vikao vinavyofuata kila jiwe husimuliwa kwa kina, mmoja kwa mmoja na mshauri, hadi hadithi ifike mwisho wake. Katika kambi ya Nakivale, Uganda, tiba hii ilijaribiwa kwa wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia, na washauri walikuwa wakimbizi wenzao waliofundishwa kwa kazi hiyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: karibu asilimia 70 ya waliopata NET hawakuwa tena na ugonjwa wa kiwewe baada ya miezi sita, dhidi ya asilimia 37 ya waliofuatiliwa tu. Kundi lililopata ushauri wa kiwewe usio na hatua maalumu, kutoka kwa washauri waliofundishwa vilevile, lilifikia karibu asilimia 65. Tofauti kati ya njia mbili ilikuwa ndogo. Tofauti kati ya kumpata mshauri aliyeandaliwa na kutompata ilikuwa kubwa.

Moshi, na Bungoma nchini Kenya, zilionyesha njia ya kati. Yatima 640 wa miaka 7 hadi 13 waliingia katika utafiti ambao matokeo yake yalitoka mwaka 2020. Waliopewa tiba walikutana kikundi mara 12 na washauri wasio na shahada ya saikolojia, lakini simulizi ya kifo chenyewe ilitolewa kwenye vikao vichache vya mtoto na mshauri peke yao. Vikao vilipokwisha tiba iliushinda msaada wa kawaida katika maeneo 3 kati ya 4. Wabunifu wa Moshi na Ncube walikuwa wanatatua swali lilelile, yaani mtoto aseme nini, mbele ya nani, na baada ya nini. Mti una uhaba wa majaribio ya namna hiyo, na anayeutumia analazimika kukumbuka kwamba mtoto mwenye jinamizi la kila usiku anahitaji zaidi ya karatasi ya manila. Huyo apelekwe kliniki ya afya ya akili, na hospitali ya Bugando si mbali na Mkolani.

Mafunzo, basi. Mwezeshaji mtarajiwa huanza kwa kuchora mti wake mwenyewe na kuulizwa maswali yaleyale na mwenzake. Hatua hiyo si ya kuchangamsha semina. Mtu aliyewahi kuulizwa vibaya kuhusu jani lake mwenyewe hamuulizi mtoto hivyo. Baada ya hapo aendeshe kikundi huku anatazamwa, na kila wiki akae na msimamizi kueleza alichosema na alichojibiwa. Washauri wa Moshi nao walikuwa na usimamizi wa kila wiki. Semina ya siku mbili yenye posho, cheti na picha ya pamoja humfundisha mtu majina ya sehemu za mti, basi.

Kwa hiyo neno langu ni kwa wakuu wa shule, viongozi wa dini na mashirika yanayoandaa semina hizi Nyamagana. Punguzeni fungu la kalamu za rangi. Fedha hiyo mlipeni msimamizi mmoja mwenye ujuzi akutane na washauri wenu kila wiki kwa miezi 6, na msimruhusu mtu yeyote kukaa na watoto kabla hajaweza kueleza, kwa maneno yake mwenyewe, kwa nini tufani huulizwa mwisho.