Wino wa Mtu Mkimya

Fundi huyu ni mkimya. Ukifika kibandani kwake, hatua chache kutoka barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, ataitikia salamu, atakusogezea kigoda, kisha atarudi kwenye shazia lake. Anashona viti vya malori. Mariakani kazi hiyo ilikuwa na wateja wa kujileta, kwa kuwa malori yanayotoka bandarini hupita mizani, na dereva anayengoja zamu yake hupata wasaa wa kutazama kiti kilichomchanikia. Mafundi wengine huwafuata madereva dirishani, huwaita kwa majina ya utani, hucheka nao na matingo wao. Yeye hawezi. Nimemjua miaka mingi na sijamwona hata siku moja akimkimbilia mtu barabarani.

Jioni moja nilimkuta na daftari la shule pajani, kalamu mkononi, simu kando. Nikadhani anapiga hesabu za madeni. Kumbe anaandika ujumbe. Aliandika mstari, akausoma kwa midomo bila sauti, akakata neno akaweka jingine. Alipomaliza aliurudia wote tangu juu, ndipo akachukua simu na kuunakili pole pole kwa kidole gumba. Mistari sita, kwa dereva aliyekutana naye mara moja tu. Alimwamkia. Alijitaja, akamkumbusha siku waliyoonana. Alimuuliza habari za mgongo, kwa maana siku ile dereva alishuka ameshika kiuno. Akamweleza kwamba sponji ya kiti kile imelala upande mmoja, na kwamba ikiinuliwa vidole viwili huenda safari ya Malaba ikawa nyepesi. Akatia picha moja ya kiti alichokimaliza, imepigwa mchana, mshono unahesabika. Halafu akafunga hivi: nawe ukiwa na haja yoyote huku kwetu, hata kama si ya viti, niarifu.

Maneno hayo ya mwisho yalinirudisha Kaloleni, kwa hawe, nyanya yangu.

Hawe hakujua kusoma, lakini barua aliijua. Mimi nilikuwa mkono wake tu. Ananiita baada ya chakula cha mchana, natandikiwa mkeka chini ya mwembe, napewa karatasi yenye mistari na sahani iliyogeuzwa niandikie juu yake. Yeye hukaa akifumba macho. Kabla ya neno la kwanza kutoka, kuku walikuwa wanaweza kuuzunguka mwembe mara mbili. Nami mtoto wa darasa la sita, nina haraka ya mpira, nilianza mwenyewe kama tulivyofundishwa: salamu nyingi kama mchanga wa bahari. Akaniambia nikate. "Mchanga wa bahari hatujauhesabu. Andika salamu."

Mwanamke huyo kilioni alikaa nyuma kabisa. Kwenye mikutano ya chifu hakuinua mkono. Watu waliosema sana walimwona hana lake. Lakini ndiye aliyempatia mjomba kazi ya upishi Mombasa, na njia yake ilikuwa barua tatu kwa mama mmoja aliyewahi kuuza naye nazi sokoni zamani. Ya kwanza haikutaja kazi. Nilimuuliza mbona hatuombi, na stempu ni pesa. Akasema barua ya kwanza ni hodi, na hodi haiombi maji. Ya pili ilijibu habari za yule mama moja moja, jinsi zilivyokuja: mguu wa mumewe, binti aliyejifungua, paa linalovuja. Katika ya tatu, mwishoni, ndipo mjomba alipotajwa kwa mstari mmoja, na mstari uliofuata ulimwachia yule mama mlango wa kukataa bila aibu. Kisha akasema, "Nisomee, nisikie kama ni mimi." Nikasoma. Mahali ambapo hakujisikia, tulibadili. Jibu lilikuja baada ya majuma kadhaa kwa sanduku la posta la shule, na mwalimu mkuu alilitangaza kwenye gwaride la asubuhi kana kwamba ni zawadi.

Ufundi ule hakuubuni yeye. Pwani hii imeandikiana kwa karne nyingi, kwanza kwa hati za Kiarabu, barua za wafanyabiashara na jamaa kati ya Lamu, Mombasa, Unguja na Maskati. Zilikuwa na mwendo wake: anayeandikiwa hupewa heshima yake kwanza, hufuata salamu, hujuliwa hali, ndipo likaja neno lenyewe, na mara nyingi mwandishi humaliza kwa kumwomba mwenzake naye aseme haja yake. Shaaban Robert, mtumishi wa serikali ya kikoloni aliyekuwa akihamishwa mji baada ya mji huko Tanganyika, alimwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge tangu 1931 hadi 1958. Barua hizo zimekusanywa zikawa kitabu. Nikizifikiria, naona kwamba mtu anaweza kuwa mbali, asiwe na makelele, na bado akashikilia watu wake kwa kalamu.

Siku hizi tunaambiwa kazi ni kujuana, na kujuana huko kunasemwa kana kwamba ni kazi ya koo: uingie hotelini kwenye warsha, upeane mikono na watu arobaini kabla ya chai ya saa nne, uzungumze juu ya nafsi yako kama mnadi wa mitumba. Mwenye haya husimama karibu na birika akitazama simu yake. Nami nimesimama hapo. Ninachokiona kibandani kwa fundi ni kwamba simu ile ile aliyojifichia inaweza kuwa mkeka wa chini ya mwembe. Inamrudishia kile ambacho umati humnyang'anya, yaani muda wa kufumba macho kabla ya neno la kwanza.

Fundi alifika hapo kwa dhiki. Reli mpya ya Mombasa na Nairobi ilipoanza kazi 2017, kisha makontena mengi yakapanda treni, kiti cha kushona hakikujileta tena. Ikabidi yeye ayafuate malori, na kwa miguu asingeweza. Sasa jina la kila mteja kwenye simu yake lina mkia: "trela ya bluu, mgongo", "mzee wa Voi, hapendi rangi nyeusi", "alinilipia chai". Kabla ya kumwandikia mtu husoma mkia huo. Picha moja tu kwa wiki huiweka pale ambapo wateja wote wanaweza kuiona, ya kazi iliyokwisha, bila maneno. Katika kundi la WhatsApp la madereva hasemi kitu hata mwezi. Akiona mtu amekwama njiani na anauliza fundi wa breki, humwandikia kando nambari ya jirani yake. Hafaidi kitu hapo. Ila dereva yule, kiti chake kikichanika, anajua pa kwenda.

Nasema haya kwa uchungu, maana kifaa kimekuja na mikono imelegea. Kazi yangu hunifikishia maombi ya vijana wanaotafuta nafasi za mafunzo. Mmoja huandika "Mambo" akanyamaza siku nzima, nami nikabaki na Mambo yake mkononi. Mwingine hunitumia maneno yale yale aliyowatumia mia mbili, na jina la ofisi nyingine limesahaulika ndani. Wapo wanaoleta vyeti vitupu bila hata neno la salamu, kama mtu aliyetupa mzigo mlangoni akakimbia. Na sasa zimekuja barua zilizoandikwa na akili bandia, laini, hazina kosa la tahajia, hazina mtu. Nazisoma na kuwaza, je, mwenyewe alisomewa akasikia kama ni yeye? Watoto wetu tuliwapa insha ya dakika arobaini katika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, tangu 1985, mpaka mtihani ule ulipofanywa mara ya mwisho 2023. Tuliwafundisha anwani ikae wapi na tarehe ikae wapi. Kufumba macho hatukuwafundisha.

Juzi nilipita tena kibandani. Palikuwa na kijana wa jirani, amemaliza chuo cha ufundi, mpole, wa kusema huku akitazama vidole vya miguu. Alitaka kumwandikia msimamizi wa karakana moja ya huko Mombasa ambaye fundi amewahi kumshonea. Fundi alimpa daftari na kalamu bila maelezo, akamsogezea kigoda, akarudi kwenye kiti alichokuwa akikivua ngozi bandia ya zamani. Malori yalipita. Kijana aliandika, akafuta, akatazama barabara. Simu yake ikalia mfukoni, akaitoa, akacheka kidogo na kitu alichokiona humo. Baadaye akasema afadhali atume sauti, ni rahisi zaidi. Akaaga kwa adabu na kuondoka, kidole kikiwa kimeshabonyeza kipaza sauti kabla hajafika barabarani.

Fundi hakusema neno. Aliliokota daftari, akalipangusa vumbi kwa kiganja. Ukurasa ule ulikuwa na mstari mmoja: "Shikamoo mzee, mimi ni," na ile alama ya mkato baada yake, imekolezwa mara mbili.