Msaada au Mhimili? Juu ya Istilahi za Utafiti wa Shule

Mwaka 2010 kilitoka kitabu cha Anthony Bryk na wenzake wanne, matunda ya kazi ya muungano wa watafiti wa shule ulioanzishwa mwaka 1990 katika Chuo Kikuu cha Chicago. Kinalinganisha shule za msingi 100 za mji huo zilizopiga hatua kati ya 1990 na 1996 na nyingine 100 zilizodumaa. Waandishi wanataja mambo matano: uongozi, uhusiano wa shule na wazazi, uwezo wa walimu, hali ya shule inayomlenga mwanafunzi, na mwongozo wa ufundishaji. Shule iliyokuwa imara katika mengi ya hayo ilielekea kuendelea mara 10 zaidi ya ile iliyokuwa dhaifu katika mengi.

Hatuna ugomvi na hesabu zao. Ugomvi wetu ni na Kiswahili kinachotumiwa kueleza fikra za namna hii katika semina na vijitabu vya walimu.

Neno ambalo waandishi hao wameyaita mambo yao matano lina maana ya asili ya kitu kinachobeba kingine kisianguke. Mfasiri mwenye haraka huandika "msaada". Mwalimu mkuu akisomewa habari za "misaada mitano muhimu" atafikiri nini, ila madawati, mabati na gari la mfadhili lenye nembo mlangoni? Msaada katika matumizi yetu hutoka nje na kumfikia mwenye shida. Mhimili umo ndani ya nyumba, na wenye nyumba ndio waliousimamisha. Basi na iwe "mihimili mitano". Vibaya zaidi ni "jumuiya saidizi", ambayo msomaji yeyote wa sarufi ataiweka karibu na kitenzi kisaidizi. Yafaa kusema jumuiya yenye kutegemezana. Wala wazo lenyewe si geni kwetu: katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alitaka walimu, wafanyakazi na wanafunzi waishi kama watu wa jamaa moja.

Dhana ya pili ni nzito zaidi. Mwaka 2002 Bryk na Barbara Schneider walitoa kitabu juu ya shule za mji huo huo, nacho chaeleza jinsi mwalimu mkuu, walimu na wazazi wanavyotazamiana kutimiza wajibu. Humo mna heshima, kujaliana, umahiri wa kazi na uadilifu. Wengine huita jambo hili "imani". Lakini imani ina makao yake msikitini na kanisani, na tena ni huruma, kama tusemapo fulani hana imani. Wengine huliita "uaminifu", ambao ni sifa ya mtu mmoja. Mtunza fedha aweza kuwa mwaminifu kabisa katika shule ambamo hakuna amwaminiye mwenzake. Kiingereza hulazimika kuongeza kivumishi ili kuonyesha kwamba jambo lenyewe liko baina ya watu. Sisi tunacho kiambishi -an-: "kuaminiana". Zipo kamati zitakazodai nomino kamili, na "maaminiano" yaweza kuundwa kwa kufuata mapatano na masikilizano. Lakini hatujamsikia mtu akiyasema, na kitenzi-jina chatosha.

Kuhusu "kujifunza", neno limebeba -ji- ndani yake, kana kwamba mtoto hujifundisha peke yake. Hata akishindwa, lugha imekwisha kumtaja mkosaji. Hatupendekezi neno hilo ling'olewe, wala hakuna awezaye. Twasema tu kwamba mfasiri wa utafiti kama huu asiandike "ujifunzaji" akadhani amemaliza kazi, maana habari yenyewe ni ya watu wazima wanaomzunguka mtoto.

Limebaki neno "ushirikishwaji" wa wazazi, linaloenea katika miongozo. Mzazi anayeshirikishwa ametendwa: ameitwa, ameketi, ameambiwa mchango ni kiasi gani. Watafiti wa Chicago walizungumzia uhusiano wa pande mbili, na neno lake ni "ushirikiano", ambalo kila mkulima analijua. Tungependa wafasiri wa miongozo ya kamati za shule waanze kusahihisha hapo, kwa kuwa ndilo neno linalosomwa kwa sauti mbele ya wazazi wenyewe.