Manukato ya Baridi Hupimwa Jioni

Ukimwambia mkazi wa Gitega kwamba unamchagulia manukato ya majira ya baridi, swali lake la kwanza litakuwa: baridi ipi? Gitega hii ni ya Nyarugenge, Kigali, si ile ya Burundi, na iko nyuzi mbili hivi kusini mwa ikweta. Theluji hapa huonekana kwenye televisheni. Mchana wa kawaida hufika nyuzi joto 26 au 27, ilhali ushauri mwingi wa manukato "ya baridi" umeandikwa kwa ajili ya watu wa Paris na New York ambao Januari hutembea kwenye barafu. Pingamizi hilo ni la haki, lakini halimalizi mambo. Mji umekaa juu ya vilima, takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na jua likishatua joto hushuka hadi nyuzi 16 au 15. Wakati wa mvua za itumba, Machi hadi Mei, unyevu huingia hadi kwenye shuka. Nyumba hazina vipasha joto, na anayerudi nyumbani saa mbili usiku nyuma ya pikipiki, koti limefungwa hadi shingoni, hahitaji kufundishwa maana ya baridi. Tofauti ni kwamba baridi ya Ulaya hukaa miezi, na ya kwetu huja jioni na kuondoka asubuhi. Kutokana na tofauti hiyo nadai hivi: manukato ya joto yahukumiwe kwa kile kinachobaki kwenye ngozi saa ile ya baridi, wala si kwa kile kinachotoka chupani dukani saa saba mchana.

Sababu ni ya kimaumbile kabla ya kuwa ya ladha. Harufu ni chembe zinazovukiza na kufika puani, na uvukizi hutegemea joto. Limau, chungwa, mnanaa na maua mepesi huwa na chembe ndogo zinazoruka upesi, na kwa kawaida robo saa ya kwanza ndiyo yao. Vanila, sandali, udi, pachuli, mbegu za tonka na tomvu kama ubani na benzoini huwa na chembe nzito zinazoachia harufu polepole kwa saa nyingi. Karafuu na mdalasini hukaa katikati. Hewa ikipoa, kila kitu hupunguza mwendo, na kilichokuwa chepesi hubaki kama mchomo mwembamba usio na mwili. Kwa hiyo tunaposema harufu fulani "ina joto" hatusemi mafumbo matupu. Tunazungumzia vitu vinavyoweza kuendelea kusema wakati hewa imepoa, na ambavyo pua imezoea kuvikuta jikoni, kwenye chetezo na kwenye nguo za arusi. Muuzaji naye anajua kwamba mnunuzi huamua ndani ya dakika mbili, kwa hiyo chupa nyingi za bei nafuu zimewekewa fedha yote mwanzoni. Zinafungua kwa kishindo, kisha baada ya saa moja hubaki sukari na harufu ya plastiki.

Tazama jambo hilo kwa karibu. Chukua mafuta mawili yaliyoandikwa "ambari", ya aina inayouzwa katika vichupa vya mililita 3 kwenye maduka ya upande wa Biryogo na Nyamirambo. Weka tone moja moja kwenye vipande viwili vya karatasi nyeupe isiyo na harufu, andika saa kwenye kila kimoja, uondoke navyo. Mwanzoni vitafanana: utamu, moshi kidogo, kitu cha ngozi ya mnyama. Baada ya saa moja cha kwanza kimepoteza moshi na kimebaki na utamu mtupu unaokwaruza koo. Cha pili utamu wake umerudi nyuma, na chini yake kumejitokeza ukavu wa utomvu, kama wa mti uliokatwa kitambo. Saa nne baadaye cha kwanza ama kimekufa ama kinanuka kitu kimoja tu. Cha pili bado kinabadilika, na kila ukikisogeza puani unakuta sehemu nyingine. Asubuhi ya pili karatasi njema bado ina la kusema. Hicho ndicho kipimo, na hakihitaji mtaalamu, kinahitaji subira. Karatasi ikishafaulu ndipo uende kwenye ngozi, tone moja kwenye kifundo cha mkono, jioni, nje ya nyumba, mbali na mafuta ya kukaangia. Usinuse zaidi ya aina tatu kwa siku. Na zile mbegu za kahawa ambazo maduka huweka mezani eti zisafishe pua, hata kama ni kahawa safi ya Huye, utafiti uliochapishwa 2011 haukuona kwamba zinasaidia kuliko hewa ya kawaida. Toka mlangoni upumue.

Baridi yenyewe si ya aina moja, na hapa ndipo mwongozo wa kigeni hushindwa kabisa. Baridi ya itumba ni mbichi. Unyevu hewani huiweka pua katika hali nzuri ya kunusa, kwa hiyo harufu nzito huonekana nzito maradufu, na vanila iliyojazwa hugeuka kero ndani ya basi lililofunga madirisha. Kwa miezi hiyo tafuta joto kavu: sandali, ubani, udi wenye moshi, karafuu kwa kiasi. Baridi ya Julai alfajiri ni kavu, yenye vumbi, na ngozi hupauka. Ngozi kavu haishiki manukato, na mtu hulaumu chupa wakati kosa ni la ngozi. Hapo utamu unaruhusiwa, hata unahitajika: vanila, tonka, benzoini, juu ya ngozi iliyopakwa mafuta yasiyo na harufu kwanza. Wanyarwanda wa zamani walilijua hili bila somo la kemia. Siagi ya ng'ombe iliyotiwa imibavu, yaani manukato, ilipakwa mwilini, na mafuta hayo ndiyo yaliyozuia harufu isitoroke. Kwa sababu hiyo pia simdharau anayependelea mafuta ya kupaka kuliko manukato ya kupulizia. Wengi katika mitaa ya Waislamu huyachagua kwa kuwa hayana spiriti, lakini hata asiyejali hilo ana faida ya kuyachagua kwenye baridi: hayaruki kwa pamoja, hukaa karibu na mwili na kufunguka kadiri ngozi inavyopata joto. Udhaifu wake ni kwamba hayafiki mbali. Kwa ofisi, basi na msikiti, huo ni udhaifu ninaoupenda.

Sasa vitu vyenyewe, kwa kuwa jina kwenye lebo halitoshi. Ambari ya asili hutoka kwenye utumbo wa nyangumi na zamani ilikuwa bidhaa mashuhuri ya pwani ya Zanj, lakini ambari ya kichupa cha leo karibu daima ni mchanganyiko wa labdanamu, yaani utomvu wa kichaka cha nchi za Mediterania, pamoja na vanila na benzoini. Hiyo si hila, ni fani yenye umri wake. Unachokagua ni kama utomvu upo kweli au ni sukari peke yake. Udi wa kweli hutokana na mti wa Aquilaria wa Asia, nao hautoi harufu hadi ujeruhiwe na kuvamiwa na kuvu, ndiyo maana ni haba na biashara yake inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Mafuta ya udi yanayouzwa kwa bei ya soda si udi, ingawa yanaweza kuwa mchanganyiko mzuri wa maabara. Ule udi wa kufukiza unaopikwa Zanzibar kwa vipande vya miti, sukari na manukato ni sanaa nyingine, na usipimwe kwa kipimo hiki. Hukumu yake ni kwenye chetezo: moshi uwe mwembamba, na harufu ya sukari iliyoungua isiushinde mti.

Sandali inastahili aya yake. Mafuta ya msandali wa India, Santalum album, yana kiwango cha kimataifa kinachotaka alfa-santaloli iwe kati ya asilimia 41 na 55, na hiyo ndiyo chembe inayoleta ule ulaini wa maziwa usiokwisha. Eneo letu lina msandali wake, Osyris lanceolata, ambao Rwanda huitwa kabaruka. Una harufu nzuri, kavu zaidi, ya kimiti zaidi, lakini santaloli yake ni kidogo, na mafuta yake yamekuwa yakitumika kughushi au kuongezea yale ya India. Miti mingi iliharibiwa kwa sababu hiyo. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na mwaka 2013 CITES iliuweka kwenye Kiambatisho cha II kwa nchi za Afrika Mashariki, Rwanda ikiwemo. Mvunaji haramu hung'oa mti mpaka mizizi kwa kuwa humo ndimo mafuta yalimojaa. Kwa hiyo muuzaji akikusifia "sandali ya hapa hapa" bila kueleza ilikotoka, sifa hiyo ihesabu kuwa sababu ya kutonunua. Sandali ya maabara iliyotengenezwa vizuri ni bora kuliko mti ulioibwa, na puani mara nyingi haina aibu.

Hapo kuna watakaopinga: je, kitu cha maabara si bandia? Historia inakataa. Kumarini, roho ya mbegu za tonka, ilitengenezwa maabara na William Perkin mwaka 1868. Vanilini ilifuata 1874 kwa kazi ya Tiemann na Haarmann. Jicky ya Guerlain ya 1889 ilichanganya vitu vya maabara na vya asili, na Shalimar ya 1925, ambayo hadi leo ni kielelezo cha harufu ya joto, ilijengwa juu ya vanila ya maabara yenye nguvu, pamoja na bergamoti. Vanila ya asili inalimwa jirani, Mukono nchini Uganda, nayo ina pembe za moshi na matunda makavu ambazo vanilini peke yake haina. Anayezifahamu atazitambua. Lakini ubora uko kwenye utungaji: je, kila sehemu inaikabidhi nyingine, au zinaanguka moja baada ya nyingine?

Wengine watasema nguvu ndiyo ubora, kwamba manukato mazuri hujulikana mtu akiwa bado mlangoni. Kufika mbali ni sifa ya chembe, wala haithibitishi ustadi, na zipo chembe za bei rahisi zinazofika mbali kuliko sandali yoyote. Tena pua ya mvaaji ni shahidi mbaya. Miski nyeupe, kwa mfano, zina chembe kubwa sana, na wapo watu ambao pua zao hazizinusi kabisa, hujipulizia tena na tena wakati wenzao ofisini wanafungua dirisha. Dawa yake ni kumwomba mtu mwingine anuse baada ya saa tatu, akuambie kwa hatua ngapi anakusikia. Kama ni zaidi ya mbili, punguza. Na wale wanaosema harufu ni mapenzi ya mtu, basi hakuna cha kuhukumu, wana nusu ya ukweli. Kupenda udi au kuuchukia ni kwako. Lakini kama udi huo umebaki udi baada ya saa nne au umegeuka plastiki, hilo hata anayeuchukia anaweza kulithibitisha.

Bei husema kidogo kuliko tunavyodhani. Chupa ya jina kubwa hubeba gharama ya matangazo na kioo, na nakala zake zimejaa kila soko. Anayetaka thamani hapa Kigali angeanza na vitu vilivyo karibu. Rwanda hulima na kukamua jeranio na pachuli, kampuni ya Ikirezi ikiwa mfano unaojulikana zaidi. Jeranio ni harufu ya waridi yenye ukijani, haina joto peke yake, lakini tone lake ndani ya sandali nzito huipa pumzi. Pachuli ndiyo hazina ya baridi: udongo, kakao, kuni zilizolowa. Mafuta yake mapya huwa makali, yenye harufu ya ghala. Yakikaa miaka kwenye chupa nyeusi, mbali na jua, hulainika na kuwa mazito ya kupendeza, tofauti na mafuta ya limau ambayo uzee huyaharibu. Kwa hiyo ukipewa nafasi ya kuchagua, uliza yamekamuliwa lini. Nunua kwanza kichupa cha mililita 3, ukivae jioni ya mvua ya Aprili na alfajiri ya Julai. Kama kimeshinda zote mbili, rudi ukachukue chupa ya tola nzima.