Tangazo la Tanzia na Nasaba za Merigi

Tangazo la tanzia katika magazeti ya Kenya ni utanzu wenye kanuni zake: hutaja jina la marehemu, kazi yake, wazazi, ndugu, wake, watoto na wakwe, kisha siku na mahali pa mazishi. Kwa mtafiti wa nasaba za Merigi, iliyokuwa katika Wilaya ya Kericho kabla ya Bomet kutengwa mwaka 1992, orodha hiyo ni hazina, ila yataka tahadhari. Katika desturi ya Wakipsigis, “arap Koech” ni mwana wa Kipkoech. Jina hilo likisharithiwa na wajukuu halimwonyeshi tena baba, na msomaji mwepesi huruka kizazi kizima. Aidha, kwa kawaida tangazo halitaji rika wala ukoo. Na mwanamke aliyeoa mwanamke mwenziwe ili nyumba yake ipate mrithi hana istilahi humo. Zaidi ya yote, tangazo hulipiwa: fukara huzikwa bila kuandikwa. Kwa hiyo gazeti na lisomwe sambamba na masimulizi ya wazee, wala lisichukue nafasi yao.